Tipoyi Mlangoni Petu

Kwetu Kirolirwe, timu ya mpira na tipoyi ni mali ya watu walewale. Tipoyi ni machela ya miti miwili iliyofumwa kwa kamba, ambayo juu yake wagonjwa hushushwa milimani hadi mahali panapopatikana gari la kuwafikisha hospitali ya Kirotshe. Kila nyumba hutoa mbebaji. Siku za Jumapili wabebaji haohao ndio wanaopiga ngoma nyuma ya goli la Étoile, timu yetu, na Papa Viateur, rais wa mashabiki, ndiye pia mkuu wa wabebaji. Filimbi anayoongozea nyimbo ndiyo anayopuliza njiani, ili walio mbele na walio nyuma wakanyage pamoja.

Tipoyi ina sheria yake. Mtu anayerudishwa nyumbani, awe hai au maiti, huwekwa chini mbele ya mlango. Wabebaji hunawa mikono kwa maji ya nyumba hiyo, kisha huketi, na hawaondoki mpaka wenyeji watamke neno moja: tumepokea. Baada ya kunawa, mbebaji hatukani wala hapigi kelele, kwa kuwa amekuwa mtu wa msiba kama wenyeji. Hivyo ndivyo tulivyompokea baba yetu, Hubert, alipofia njiani akirudi kutoka hospitali. Papa Viateur alikuwa amebeba upande wa mbele.

Mashabiki nao walikuwa na desturi yao, changa kuliko ile ya wabebaji. Étoile ikishinda, walikata mgomba, wakauvisha rangi za wapinzani, wakaulaza juu ya tipoyi na kuuzungusha kijijini kwa nyimbo za matanga. Wanawake walilia kwa kejeli: "Yoo, mutoto ya wenyewe, ulikuja kucheza bila kuaga mama yako!" Watu walicheka hadi wakashika mbavu, kisha mgomba ukatupiwa ng'ombe. Nami nilicheka. Chuo kikuu, Goma, ninakosoma sosholojia, niliwaambia wenzangu kwamba kundi letu la mashabiki ndiyo shule pekee ya amani niliyowahi kuiona milimani kwetu: watu wasioketi benchi moja sokoni walikuwa wanalia pamoja juu ya mgomba mmoja. Niliyasema hayo kwa moyo wote, na sehemu ya moyo huo bado ninayo.

Katika likizo ile Étoile ilipangiwa kucheza na timu iliyotoka Walikale. Mama yetu, Colette, ni mtu wa Walikale, binti wa wakulima na wawindaji wa msituni, na mshambuliaji wao Sébastien ni mtoto wa mjomba wetu. Kaka yangu Élie alikuwa kipa wa Étoile. Mashabiki walikuwa na uhakika kiasi kwamba walikata mgomba tangu siku iliyotangulia, wakauvisha kijani, rangi ya wageni. Hakuna aliyeuliza utafanywaje mgomba huo tukishindwa. Mashabiki wetu waliamini kwamba mgomba uliokwisha kukatwa hauachwi bila kufanyiwa matanga, la sivyo msimu mzima huoza.

Uwanja wetu ni malisho. Asubuhi vijana walikuwa wameondoa ng'ombe na samadi, na nyasi zilikuwa bado zimelowa mvua. Kabla ya mchezo kuanza, Élie na Sébastien walikumbatiana katikati ya uwanja. Hawakuwa wameonana tangu mazishi ya baba, kwa hiyo walikumbatiana kwa muda mrefu.

"Ona!" alisema Niyonsenga, kijana wa ngoma kubwa. "Golikipa anasalimia bajomba. Bamemuletea asali ao nini?"

"Asali ya pori," mwingine akadakia. "Itamulegeza mikono."

"Dada Josiane, na wewe ulipata yako?"

"Yangu mama alikula yote," nikajibu, na kicheko kikaenea.

Kutokana na kicheko hicho kukazaliwa wimbo. *Mujomba, karibu, mulango iko wazi.* Mwanzoni ulikuwa mzaha wa watu wanaompenda kipa wao. Lakini mchezo uliendelea bila goli, nasi tukawa tunashambuliwa, na kidogo kidogo kicheko kikautoka wimbo huo, yakabaki maneno peke yake. Katika kipindi cha pili Élie alilinda goli ambalo mashabiki walikuwa wamesimama nyuma yake. Waliuimba mgongoni mwake bila kupumzika. Nilimwona akigeuza kichwa, mara moja, kisha tena, kama mtu anayeitwa.

Mpira uliotuangusha ulikuwa dhaifu. Sébastien aliupiga kutoka mbali, akiwa anaanguka. Ulidundadunda kwenye nyasi zilizolowa, ukapita katikati ya mikono ya kaka yangu iliyokuwa wazi, ukavuka mstari na kusimama palepale, kama uliochoka.

Ngoma ilinyamaza. Kisha nikasikia sauti moja, sikujua ya nani: "Ameuza."

Neno hilo huko kwetu si la mpira tu. Lilipata kusemwa juu ya mwalimu mmoja upande wa pili wa bonde, na mahali ilipokuwa nyumba yake sasa pana mashimo ya nguzo. Kwa hiyo liliporudiwa na midomo mingi, niligeuka haraka. Nilitazama pembeni mwa uwanja. Alikuwepo kijana wa bariyeri, kile kizuizi cha wenye silaha barabarani; ndiye ambaye wote humwita Komanda ingawa hakuna ajuaye ni nani aliyempa cheo hicho. Alivaa koti refu la mvua, na mvua ilikuwa imekwisha tangu asubuhi. Hakupiga kelele. Alikuwa akisikiliza.

Filimbi ya mwisho ilipolia, wageni walipanda lori lao bila hata kunawa matope. Sébastien alikuwa akimtafuta Élie kwa macho hadi wenzake walipomvuta ndani. Élie alivua glovu na jezi yake, akaviweka chini ya mwamba wa goli, akaondoka kifua wazi akipita katikati ya ng'ombe waliokuwa wanarudishwa malishoni.

Nilimkuta nyumbani, ameketi juu ya gunia la viazi chumba cha ndani.

"Sikuona mpira, Josi," aliniambia. "Nilikuwa nasikia wimbo tu. Nilikuwa nataka kujua kama na Straton anaimba."

Straton ni rafiki yake tangu walipokuwa wakichunga ndama pamoja.

"Na alikuwa anaimba?"

"Alikuwa anaimba."

Mama alikuwa amesimama dirishani, kitenge amekikaza kiunoni kama mtu aliye tayari kwa safari. Hapo akaingia jirani yetu, Mama Murekatete, bila kubisha hodi, anahema.

"Mama Élie, beko mu njia. Beko na tipoyi. Bamevalisha mugomba nguo ya Élie, na magant yake ya mikono bamefunga juu."

"Beko bangapi?"

"Bote. Na ule wa koti iko nyuma yao."

Mama alimgeukia kaka yangu. "Simama. Pita mu shamba ya viazi, ushuke mpaka kwa mutoni, utafute njia ya kwetu Walikale. Wajomba watakupokea."

"Mama, mutu akikimbia saa hii, pale juu bariyeri itamuona," alisema Mama Murekatete. "Na mutu anayekimbia, hawamuulize jina."

"Akibaki?"

Tulianza kuisikia ngoma. Haikuwa ngoma ya ushindi wala ya kejeli. Ilikuwa ikipigwa polepole, pigo na kimya, pigo na kimya, kama inavyopigwa kwa maiti wa kweli, na juu yake ile filimbi fupi ya kupatanisha nyayo. Nilifikiri juu ya yote niliyoyasoma kuhusu umati wa watu, na hakuna hata sentensi moja iliyokubali kukaa kichwani. Kilichobaki kilikuwa ile filimbi. Mara ya mwisho kuisikia ikikaribia mlango wetu, ilikuwa ikimleta baba.

Ndipo nilipoinuka, nikachukua beseni la bati lenye ukingo wa buluu, nikalijaza maji.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Wanaleta mutu kwa tipoyi, mama. Kwa hiyo tuwapokee."

Nililiweka beseni nje, mbele ya kizingiti, nikasimama nyuma yake.

Walijaza ua. Miongoni mwao niliwaona watu niliowaamkia asubuhi. Wabebaji waliiweka tipoyi chini, na juu yake ulilala mgomba uliovaa jezi ya kaka yangu, namba moja kifuani, glovu zimefungwa kwa kamba ya mgomba mahali ambapo mikono ingekuwa. Nguo ya kijani ilikuwa imetupwa. Wakati wanawake wa nyuma walipoanza kulia kile kilio cha mzaha, kililegea chenyewe na kuzimika, kwa maana hakuna aliyecheka.

"Muuzaji atoke!" alipiga kelele Niyonsenga. "Aone kaburi yake!"

"Atoke!"

"Ndugu zangu," nikaanza, "mpira ni kitu kinachotuunganisha, na sisi..."

"Josiane, rudisha ile kwa iniversite!" sauti ikatoka katikati yao, na sasa ndiyo wakacheka. Kicheko hicho kilinitisha kuliko kelele.

Nikaacha hotuba. Nilimtazama Papa Viateur peke yake. Filimbi ilikuwa bado mdomoni mwake.

"Papa Viateur," nikasema, "wewe umebeba mbele?"

Akaitoa filimbi. "Mimi."

"Na tipoyi umeiweka mbele ya mlango wetu. Basi maji ni haya."

Watu wakatazamana. Niyonsenga akajisogeza. "Dada, hii ni mugomba tu. Ni mchezo. Mugomba haina kilio."

"Kama ni mchezo, Niyo, nawa. Maji haiume. Kama haiko mchezo, basi sema hapa, mbele ya mama yangu, mulikuja kufanya nini."

Ng'ombe mmoja alilia mbali. Papa Viateur alitazama beseni, nami nikajua analiona kama ninavyoliona mimi, kwa maana jioni ile ya baba alinawa katika beseni lilelile. Sikujua atafanya nini. Mashabiki humfuata yeye. Kama angelipiga teke, wangeupiga teke mlango nyuma yangu. Nyuma ya vichwa vyao niliona koti la mvua likisogea, polepole, likija mbele.

Papa Viateur akachuchumaa, akatia mikono majini.

Aliisugua sana, kana kwamba ina uchafu ambao sisi wengine hatukuuona. Akaketi chini udongoni. Mbebaji wa pili akanawa, na wa tatu. Straton alikuwa wa nne, naye alinawa akiwa ameinamisha uso. Wengine walioikamata tipoyi njiani kwa kupokezana nao wakaja, na hata Niyonsenga, aliyekuwa amebeba kutoka kisimani, akachovya vidole kwa hasira kisha akaketi. Ua wote ulishuka kama nyasi zinazolazwa na upepo. Nikavuta pumzi. Niliamini nimeshinda.

Kisha nikaona kosa langu.

Mama alikuwa ameliona kabla yangu. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili ameshika miimo, na macho yake yalikuwa yananiuliza. Wabebaji walionawa hawaondoki mpaka neno litamkwe. Na neno hilo halitamkwi na mwanamke wala na binti. Hulitamka mwanamume wa nyumba, akiwa amesimama kwenye kichwa cha tipoyi. Jioni ile ya baba, aliyelitamka alikuwa Élie, akiwa angali na nguo za shule, maana mwanamume mwingine hakuwepo. Mimi niliyetaka kumficha kaka yangu nilikuwa nimemtengenezea mwito ambao hauwezi kukataliwa.

Walikaa. Jua lilikuwa limegusa mlima, na huko kwetu hakuna anayependa kukutwa njiani na giza. Niliwaona wakitazama anga, kisha mlango, kisha anga. Nao sasa walikuwa wanaogopa. Lakini watu wanaoogopa hawawi wapole kwa sababu hiyo, na kila dakika iliyopita iliongeza uzito uani.

"Mama Élie," alisema Papa Viateur kwa sauti ya chini, sauti ya msibani, "tunangoja neno."

"Nitaisema mimi."

"Haiko yako, mama. Unajua."

Komanda alikuwa amefika mbele. Yeye hakuwa mbebaji, wala hakunawa, wala hakuketi. Katikati ya watu wote waliokaa, alisimama peke yake, mkono mmoja ndani ya koti.

"Golikipa iko ndani?" akauliza.

Swali lilikuwa la upole kabisa. Papa Viateur alitazama mikono yake iliyolowa.

"Komanda," alisema, "hapa ni kwa kilio. Kwa kilio hatuulize vile."

"Kilio ya mugomba?"

"Tumeshanawa."

Komanda akatabasamu. Na hapo nikamsikia mama akisema, "Hapana, Élie, hapana, mutoto yangu," na mikono yake ikabanduliwa kutoka kwenye miimo, kidole kimoja kimoja.

Kaka yangu alitoka akiwa amevaa koti la baba. Lilimzidi mabega. Alinipita bila kunitazama, akaenda hadi kwenye kichwa cha tipoyi, akageukia mlango, jezi yake mwenyewe ikiwa chini ya macho yake. Alikuwa ameupa mgongo umati, kama anavyokuwa golini, na uso wake ulikuwa upande wangu peke yangu. Midomo yake ilikuwa myeupe.

Nilimwona Komanda nyuma yake, hatua chache tu, mkono bado ndani ya koti. Nilitaka kumwambia Élie ageuke. Nilitaka kumwambia asigeuke. Wale wote walioimba mgongoni mwake sasa walikuwa wanasubiri mgongo huohuo useme.

"Tumepokea," alisema. Kisha, kama alivyosema kwa baba: "Asanteni kumubeba."

Wabebaji wakasimama. Sheria inasema wakishasikia neno, wanasimama kuizunguka tipoyi, bega kwa bega, kabla ya kuiinua. Wakasimama. Straton alikuwa wa kwanza kufika nyuma ya Élie, akajibana pale, halafu Papa Viateur, halafu Niyonsenga, halafu wengine ambao nafasi yao haikuwa pale. Sijui hadi leo kama walikuwa wakifuata sheria tu au waliijua vizuri kazi ya miili yao. Ninachojua ni kwamba kati ya kaka yangu na lile koti palikuwa na ukuta wa migongo, na hakuna aliyegeuka kuangalia.

Komanda alisubiri. Kisha akatoa mkono, ukiwa mtupu, akajikuna shavu.

"Jumapili ingine," alisema, "tutaona kama atashika."

Akaondoka akipita kwenye shamba letu la viazi, bila kukwepa matuta.

Mama aliufungua mgomba glovu, akauvua jezi, akaiingiza ndani bila kuikunja. Papa Viateur akapuliza filimbi. Waliuacha mgomba mlangoni, wakainua tipoyi tupu na kwenda mbio, maana giza lilikuwa limekwisha kuingia bondeni. Usiku huo Élie hakula, wala hakulala, na mimi nilimsikiliza asivyolala.

Jumapili iliyofuata alilazimika kucheza. Kutokucheza kungekuwa jibu, kama kukiri kwamba aliuza. Aliwaomba mashabiki jambo moja tu: kwamba nyuma ya goli lake asiimbe mtu. Papa Viateur alikubali. Mgomba haukukatwa, na tangu siku hiyo haujakatwa tena. Ngoma zilihamia upande wa pili wa malisho, na nyuma ya goli walibaki wabebaji peke yao, wamekaa chini kama walivyokaa uani kwetu.

Mpira wa kwanza ulikuja juu, mgumu. Élie aliruka, akaudaka, akaukumbatia kifuani. Kisha kutoka nyuma yake nikasikia, kwa sauti ya chini, sauti ya Straton: "Tumepokea." Wengine wakarudia.

Sasa ndivyo wanavyofanya kila anapodaka, uwanja wote, hata watoto wasiojua neno hilo lilianzia wapi. Wageni wanaokuja kucheza kwetu hulisifu. Wanasema hawajaona mashabiki wanaomshukuru kipa kwa heshima namna hiyo. Huenda ni kweli, na mimi ningependa sana kuamini kwamba shule yangu ya amani ilijifunza kitu jioni ile.

Lakini Jumapili ile, neno lilipozunguka uwanja kwa mara ya kwanza, nilitazama pembeni, mahali Komanda alipopenda kusimama. Alikuwepo, na jua lilikuwa kali, na koti alikuwa nalo. Alikuwa akimtazama kaka yangu. Na midomo yake nayo ilikuwa inatembea, pamoja na ya wote, ikitamka neno lilelile, yeye ambaye hakunawa.